Fomu za kung fu na ngumi za kweli: nani anamdanganya nani?

Ukipita Jumamosi asubuhi pale vijana wa kung fu wanapofanyia mazoezi, iwe kiwanja cha shule huko Kawempe, Kampala, au nyuma ya kanisa Ndejje, utawakuta wamejipanga mistari wanapiga fomu, mkono huu mguu ule, wote wanageuka pamoja, na pembeni hakosi mtu wa boda ameegemea pikipiki yake anauliza kwa sauti, ssebo, sasa hiyo dansi itakusaidia nini ukikutana na bayaye, wale vibaka wa mtaani, Kisenyi saa nne usiku? Vijana hulichukia sana hilo swali. Mi naliona la maana, tatizo ni majibu yake. Ukiwauliza watu wa fomu wanakwambia fomu ndo roho ya kung fu, ina siri ndani, subiri miaka utaelewa. Ukienda kuwauliza mabondia wa mitaa ya Kampala kama Naguru au Katanga wanakwambia hizo takataka, vaa glavu uingie ringi tuone. Kila upande umeshika ukweli nusu na unaupiga mwenzake nao kichwani.

Tuanze na kitu chenyewe. Fomu, ambayo Wachina huiita taolu na watu wa karate huiita kata, ni mfululizo wa mapigo yaliyopangwa kabla, unaanzia hapa unaishia pale, mpinzani hayupo, na kila mtu wa klabu hiyo anaipiga vile vile alivyofundishwa. Wengi wetu Uganda kung fu tuliijulia kwenye kibanda cha video, benchi la mbao, VJ anatafsiri kwa Kiganda juu ya sauti ya mateke, na kile tulichokiona kwenye skrini ni fomu pia, ila ya watu wawili, kila mmoja anajua ngumi ya mwenzake inakuja wapi na lini. Wale wanaopiga filamu huko Wakaliga wanalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, wanapanga pigo kwa pigo. Mtazamaji ndo anatoka nje akiamini ameona mapigano.

Sasa huu ubishi wa "fomu ni za maana, fomu si za maana" watu hudhani umeletwa na UFC, yale mapigano ya kulipwa ya Marekani, na YouTube. Hapana. Karne ya 16 kulikuwa na jenerali wa China, wakati wa utawala wa Ming, anaitwa Qi Jiguang, kazi yake ilikuwa kupambana na maharamia waliokuwa wanavamia pwani ya mashariki. Miaka ya 1560 huyo mzee aliandika kitabu cha kufundishia jeshi, na humo ndani kuna sura ya ngumi tupu yenye mikao 32. Lakini cha kushangaza, hapo hapo anasema ngumi tupu hazina kazi kubwa kwenye vita vikubwa, kazi yake ni kuzoesha mikono na miguu, ni mlango wa mwanajeshi mpya kuingilia kabla hajapewa mkuki na panga. Na alikuwa hapendi kabisa mapigo ya mapambo, yale ya kufurahisha macho. Yani mtu aliyekuwa anapeleka vijana kufa au kuua alishaiweka fomu mahali pake zaidi ya miaka 400 iliyopita: inatengeneza mwili, ila vita yenyewe ni kitu kingine.

Kazi nyingine ya fomu ni kutunza. Walimu wengi wa zamani hawakuwa watu wa kalamu, na hata aliyejua kuandika, utaandikaje namna ya kumvuta mtu na kumpiga mtama kwa wakati mmoja? Unaiweka mwilini. Fomu ni daftari la mtu asiyekuwa na daftari, anakufa mzee, mwanafunzi anabaki nalo mikononi. Na daftari hata ulisome mara elfu halikufanyii mtihani, ila pia huwezi kulitukana kwamba halina maana kwa sababu hujui kulisoma.

Alafu kuna kazi ya tatu, ya karibuni, ambayo ndo imevuruga kila kitu: maonyesho. Mwaka 1910 Shanghai kilianzishwa chama cha Jingwu, kikaanza kufundisha kung fu hadharani kwa watu wa mjini, na njia rahisi ya kufundisha watu wengi kwa pamoja ni nini? Mistari na fomu. Mwaka 1928 serikali ikafungua chuo cha taifa cha kung fu Nanjing na mwaka huo huo ikaitisha mtihani mkubwa, watu wakapanda jukwaani kupigana kweli, wakaumizana mpaka waandaaji wakasimamisha mapambano ya mwisho. Baada ya 1949 serikali mpya ya China ikaifanya kung fu kuwa mchezo wa kuhukumiwa na majaji, kama sarakasi za gimnastiki, na upande wa kupigana ukaachwa mpaka 1979 walipoanza kuujaribu tena kwa jina la sanda.

Leo kwenye mashindano ya dunia ya wushu, ndo jina la kung fu ya mashindano, yaliyoanza 1991, hivyo vitu viwili viko nyumba moja lakini havilali chumba kimoja. Mtu wa taolu anapewa alama kati ya 10: 5 za usahihi wa mapigo, 3 za namna alivyoicheza yote, 2 za ugumu, zile kuruka na kuzunguka hewani. Mtu wa sanda anapanda jukwaa lenye kimo cha sentimita 80, anapigwa ngumi, anapigwa mateke, anadakwa mguu, anarushwa chini. Na sasa angalia mazoezi yao. Huyu wa sanda asubuhi yake ni padi, begi, kudakana miguu, kuangushana, sparing, yani kupigana kwa mazoezi. Zhang Weili, Mchina wa kwanza kuchukua mkanda wa UFC mwaka 2019, katokea huko sanda. Kama fomu peke yake ingekuwa inatengeneza mpiganaji, hawa watu wenye walimu bora wa fomu duniani wangekuwa wa kwanza kuitumia kwa kazi hiyo, na hawaitumii. Mi hapo naona hakuna ubishi.

Ukitaka kuona kwa macho, kuna pambano la Macau la Januari 1954, lilipigwa filamu, bado linaonekana mtandaoni. Upande mmoja Wu Gongyi, mwalimu mkubwa wa taichi, mtindo mmoja wa kung fu, upande wa pili Chan Hak-fu wa mtindo wa korongo mweupe, mdogo kwake kwa umri. Watu wawili waliokula fomu maisha yao yote. Kilichotoka? Mikono inarushwa kama watoto waliogombana njiani kutoka shule, vichwa vimeinuka, mmoja damu puani, waamuzi wakalisimamisha na mshindi hakutangazwa. Siwacheki, walikuwa na roho ya kupanda pale mbele ya umati, wengi wetu hatungepanda. Lakini mikao yote mizuri ya fomu zao ilikimbilia wapi? Na 2017 Chengdu, Xu Xiaodong wa MMA, mapigano ya kuchanganya mitindo, alimmaliza Wei Lei wa taichi kabla hata nusu dakika haijafika, China nzima ikagombana kwa wiki kadhaa.

Sababu yake si kwamba fomu ina mapigo mabaya. Kwenye fomu, pigo la nane linakuja kwa sababu la saba limeisha. Kwenye ngumi, pigo lako linakuja kwa sababu bega la yule mtu limetikisika, au amekanyaga karibu kuliko alivyopaswa, au amevuta pumzi. Fomu inakuzoesha kukumbuka, na mapigano yanataka kuona. Unaweza kuwa na ngumi safi kabisa na ukawa hujui lini ya kuitoa, na hujui umbali, na hujawahi kupigwa usoni, kwa hiyo ngumi ya kwanza ikitua mwili unaganda, unafumba macho, unarudi kwenye mikono ya kitoto ile ile. Hakuna fomu inayofundisha kupigwa.

Hapo watu wa fomu wana jibu lao na si baya. Wanasema, mbona bondia naye anapiga hewa, ile shado yake ni nini? Ni kweli, nenda klabu yoyote ya ngumi Kampala utakuta vijana wanapiga shado raundi kwa raundi, na nchi hii imetoa Ayub Kalule, bingwa wa dunia wa WBA 1979, na John Mugabi, bingwa wa WBC 1989, hawa nao walianzia kwenye vyumba vya joto kama hivyo wakipiga hewa. Tofauti ni kwamba shado haijapangwa. Bondia anamuona mtu kichwani, huyo mtu anasogea, leo ni mrefu kesho ni wa mkono wa kushoto, na kila shado inatoka tofauti. Zaidi ya hapo, muda si mrefu baada ya shado anavaa glavu anamkuta mtu wa nyama na mifupa, na yule mtu anamsahihisha. Shado bila sparing nayo ingekuwa fomu tu, tena fomu fupi.

Sasa nije kwenye nusu ya ukweli ya upande wa pili, manake mabondia nao wanapitwa na kitu. Chukua pigo moja tu. Kwenye fomu nyingi za kung fu, na kata nyingi za karate, mkono mmoja ukipiga ule mwingine unarudi kiunoni, ngumi imefumbwa, kiganja kinaangalia juu. Bondia akiona hivyo anacheka mpaka basi, sababu kwake mkono usiopiga unakaa kwenye kidevu, ukiushusha umekaribisha ngumi. Kwenye umbali wa ngumi yuko sawa kabisa.

Ila badilisha umbali. Jamaa amekukunja shati kifuani kwa mkono wa kulia, ile namna ugomvi mwingi unavyoanza kwenye stendi za teksi na kwenye baa, hakuna raundi, hakuna refa, shati kwanza. Mkono wako wa kushoto unashika kifundo chake au mkono wa shati lake, unauzungusha na kuuvuta mpaka kiunoni kwako. Uzito wake unakuja upande huo, uso unakuja kukutana na ngumi yako ya kulia, na ule mkono wake wa pili sasa uko mbali. Ule mkono wa kiunoni kumbe haukuwa umepumzika, ulikuwa umeleta kitu. Na miguu? Fomu ilikuwa inakutoa kwenye mkao wa farasi, miguu imetanuliwa na magoti yamekunjwa, kwenda mkao wa upinde, goti la mbele likisukuma. Mguu huo ukiingia nyuma ya mguu wake, ni mtama, anakwenda chini.

Vizuri. Klabu nyingi zinaishia hapo, mwenzako anasimama kama nguzo, unamvuta, anaanguka, watu wanapiga makofi. Na hapo ndo uongo unaanzia, kwa sababu hicho ulichofanya bado ni fomu, ila ya watu wawili. Mwambie mwenzako, nikikuvuta na wewe vuta. Ghafla mkono peke yake hautoshi, anakuvuta wewe, na unagundua inabidi uvute kwa kiuno, ukae chini, kumbe ndo maana sifu, yani mwalimu wa kung fu, alikuwa anakupigia kelele shuka, shuka, shuka. Haya, sasa mruhusu akupige na mkono wa kushoto. Unakuta ukivuta kwanza alafu upige, umeshachelewa, umeshakula moja. Kuvuta na kupiga lazima viende pamoja, na ukirudi kuangalia fomu, vilikuwa pamoja tangu mwanzo, wewe ndo ulikuwa unavitenganisha. Mwisho mpe uhuru wote, glavu nyepesi, akukunje anapotaka au asikukunje kabisa, wewe hujui. Hapo utafeli mara nyingi sana. Lakini ile moja itakayoingia inakuwa yako, na kesho yake ukiipiga fomu peke yako nyuma ya nyumba mikono inakumbuka uzito wa mtu.

Hilo ndo jibu langu kwa swali lote, kama mtu anataka jibu: fomu inakwambia nini, mtu anayekataa anakufundisha lini. Ukikosa huyo anayekataa, miaka 20 ya fomu haijakupa "lini" hata moja.

Na tusijidanganye kwamba kila pigo la fomu lina maana iliyofichwa. Mengine ni mapambo, mengine ni hatua za kukugeuza tu ili usigonge ukuta, mengine yalikuwa ya mkuki na mkuki ukapotea yakabaki mikono mitupu, mengine mwanafunzi fulani wa zamani alikosea na wote waliofuata wakakopi. Kuna masifu ambao kila pigo wana maelezo matano, hapa unavunja kiwiko, hapa unapiga chembe cha moyo, hapa unamkaba kabali, na hakuna hata moja wamewahi kulifanya kwa mtu anayegoma. Maelezo matamu ni bure.

Wajapani walilipatia hili jawabu mapema kwa upande wao. Jigoro Kano alipoanzisha judo mwaka 1882 hakuzitupa kata, aliziacha, lakini uzito akauweka kwenye randori, kushikana kwa uhuru na mtu asiyekubali kuangushwa. Na kisiwani Okinawa kulikuwa na Choki Motobu, mtu wa ugomvi kwelikweli, ambaye kwenye karate yake aliegemea zaidi kata moja, Naihanchi, akiichimba na kuijaribu kwa watu. Kung fu nayo ina mifano hiyo, Wing Chun ina fomu tatu tu za mikono mitupu, Xingyi inaanza na ngumi tano fupi unazirudia mpaka uchoke roho. Mitindo iliyojali kupigana mara nyingi ilikuwa na vitu vichache.

Sasa linganisha na zile klabu ambapo kila baada ya muda kuna fomu mpya, na kila fomu mpya ina mtihani, na kila mtihani una hela ya mkanda. Nilipita klabu moja ya hivyo, sitaitaja, vijana walikuwa na fomu nyingi mpaka wanazichanganya katikati, za mikono, za fimbo, za panga, na sparing ilikuwa marufuku eti mbinu zetu ni hatari mno. Banange. Mbinu ambayo ni hatari mno kujaribiwa, utajuaje kama ni hatari?

Ila kuna jambo wanaoponda fomu huwa hawalisemi, la mfuko. Sparing inataka glavu, kinga ya meno, kinga ya mapaja na mahali laini pa kuangukia, na mtu akivunjika pua kuna bili ya hospitali, na mzazi ambaye alidhani mtoto anaenda kufanya mazoezi ya viungo. Fomu inataka udongo mtupu na miguu. Kwa klabu ya watoto 30 yenye jozi mbili za glavu zilizopasuka, fomu si uzembe wa mwalimu, ndo kitu pekee anachoweza kuwapa wote saa moja nzima. Na si kidogo anachowapa: miguu yenye nguvu, pumzi, kutulia, kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba. Mzee wa miaka 60 bado anaweza kuipiga, wakati kichwa cha kupigwa ngumi kina mwisho wake, mabondia wastaafu mtaani tunawaona. Hata hivyo kuna njia isiyo na gharama, ile ya kukunjana shati niliyoeleza haitaki kifaa zaidi ya shati kuukuu, na kushikana na kuangushana kwenye nyasi hakuna anayekosa. Watoto wa Buganda wamepigana kigwo, mieleka ya Kiganda, vizazi na vizazi bila fomu yoyote, wanajifunza kwa kuangushwa tu, na nikiambiwa nichague wa kusimama naye baani kati ya kijana wa kigwo na kijana wa fomu nyingi, sifikirii mara mbili.

Ambayo inanirudisha Kisenyi usiku. Bayaye hawaji mmoja na hawaji mikono mitupu, wanakuja watatu, mmoja ana nondo, na wanataka simu, si ubingwa. Hapo si fomu, si boxing, si sanda, ni kutoa simu au kutimua mbio, na miguu ya mkao wa farasi inakimbia vizuri sana. Angalia pia makanyama wa mlangoni, wale ambao kugombana ndo mshahara wao: hutaona teke la kuruka, utaona wanashika mkono, wanavuta, wanageuza kiuno, wanamtoa mtu nje. Ukiwaangalia vizuri utaona vipande vya fomu yako mle mle, ila wao hawajui kama ni fomu.

Kwa hiyo kama tayari una fomu moja unayoijua vizuri, usiitupe na usitafute ya pili. Chagua mapigo matatu ndani yake, tafuta mwenzako mmoja mkaidi, mfanye ile ya shati. Na kama ndo kwanza unatafuta klabu ya kumpeleka mtoto au kwenda mwenyewe, nenda siku ya mazoezi, subiri wamalize fomu, kisha mfuate sifu kwa heshima umwambie, mwalimu, huu mkono hapa unafanya nini? Akikueleza, muombe akufanyie wewe, na safari hii usimuachie mkono.